Wimbo wa Sura ya Tisa

Sweta la sufu likilowa ukungu wa Nyeri haliwi kama nguo nyingine iliyolowa. Hutoa harufu ya kondoo, ya moshi wa kuni na ya sabuni ya kipande, zote kwa pamoja, na katika darasa la watoto arobaini waliofunga madirisha kwa sababu ya baridi ya Julai, harufu hiyo ilikuwa nzito kama mtu wa arobaini na moja aliyekaa katikati yetu. Mpaka leo nikisimama karibu na mtu aliyenyeshewa, hata kabla sijamtazama usoni, namwona Mwalimu Gathoni akikaa juu ya meza yake, miguu ikining'inia kama ya msichana, akifungua kitabu cha jalada la kijani mahali alipoweka kipande cha karatasi. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu, na wale waliotaka kwenda kucheza mpira walikuwa wamekwenda. Sisi tuliobaki tulikuwa tumekuja kusikiliza habari za kijana mmoja ambaye hakuna aliyemjua, na kuimba.

Tulikuwa watoto wa polisi. Baba alikuwa koplo, na uhamisho ulitutoa Bungoma ukatuleta Nyeri nikiwa na miaka tisa na mdogo wangu Simiyu akiwa na saba. Tuliishi kwenye laini za polisi, katika chumba kimoja cha mawe kilichogawanywa kwa pazia la maua, na majirani zetu walitoka Kitui, Kisii, Busia na kwingineko, kila mmoja akipika chakula cha kwao na kuwagombeza watoto wake kwa lugha ya kwao. Mama alikuwa mchuuzi wa nyanya. Siku za soko aliondoka alfajiri kwenda Kagio, akarudi jioni na makreti manne, na usiku chumba chetu kikanuka majani ya nyanya. Nje ya lango la laini mji ulikuwa wa wenyewe. Tuliupenda, tuliwajua wauza maandazi wake na mbwa wake, lakini tuliuishi kama mgeni anavyokaa kwenye kiti cha mtu, bila kuegemea sana.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na Simiyu alikuwa na kumi na mmoja, darasa la tano. Mwalimu Gathoni alikuwa ameanzisha kundi la kusoma, na alikuwa na nakala moja tu ya riwaya. Karatasi za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo hatukuwahi kujua jina la mwandishi wala jina la kitabu. Tulikiita Kile cha Kijani. Kilisimulia maisha ya kijana wa kijiji fulani tangu siku aliyotambua kwamba baba yake anaweza kuogopa, mpaka siku aliyoondoka kwao. Mwalimu alitusomea sura moja kila Ijumaa. Mwanzoni alikuwa akifunga kitabu na kutuuliza tumeonaje, nasi tukatazama madawati. Hatukuwa wajinga. Ila mtoto aliyezoea kujibu maswali ya mtihani anapoulizwa anahisi nini hudhani kuna jibu moja ambalo mwalimu amelificha. Ndipo siku moja akasema, "Basi kama hamna maneno, mniletee nyimbo. Wiki ijayo kila mtu afikirie ni wimbo gani wa kwao unaweza kukaa karibu na hii sura bila kugombana nayo."

Hiyo ndiyo iliyotufungua midomo. Mvulana mmoja ambaye nyanya yake alikuwa na kahawa kule Kiriaini alileta wimbo wa wachumaji kwa ile sura ambayo mama wa kijana anarudi kutoka vibaruani mikono ikiwa imevimba. Zuhura, rafiki yangu wa Majengo, alileta kasida ya madrasa kwa sura ya wizi wa sukari. Alisema kasida ile humfanya mtu atake kurudisha hata asichoiba, na sote tukakubali. Sura ya nne, ambapo kijana anampenda msichana anayemwona kwenye kinu cha kusaga unga, ilikaa wiki mbili bila wimbo, mpaka mmoja wetu akajikaza akaimba kile kilichokuwa kikipigwa na redio kila kona ya mji, na tukacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Wimbo ukishaimbwa, aliyeuleta alisimama akaeleza kwa nini ameuchagua. Mimi nilikuwa karani. Nilipenda mambo yapangike. Nilichora daftari safu nne, Sura, Wimbo, Aliyeuleta, Sababu, na nikajaza kwa mwandiko wa kuunganisha niliouonea fahari kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Sura ya tisa haikupata mtu. Ilikuwa sura fupi. Kijana ameamua kuondoka kijijini kwenda kutafuta maisha, na kabla ya kuondoka anazunguka nyumba kwa nyumba, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mzee aliyewahi kumchapa, akiwaaga. Hakuna anayelia. Wengine wanamkejeli, wanamwambia atarudi kabla ya wiki kuisha, lakini wote wanasimama na kumtazama vingine. Mwalimu Gathoni alitaka tuionyeshe kazi yetu Siku ya Wazazi, mwisho wa muhula, kwa kusoma kipande cha kila sura tuliyokwisha kuisoma na kuimba wimbo wake. Zilibaki wiki tatu na safu ya sura ya tisa ilikuwa nyeupe. Mimi kama karani niliona ule weupe kama doa.

Usiku mmoja, nikichambua nyanya zilizopondeka, nikakumbuka. Miaka miwili nyuma tulikuwa kwa babu kule Bungoma mwezi wa Agosti, na binamu yangu alikuwa anakaribia kutahiriwa. Kwetu jambo hilo lina mwaka wake na mwezi wake. Kijana huvaa bangili nzito za chuma mikononi, akashika kengele zinazoitwa chinyimba, akazigonga kwenye zile bangili, na kwa siku kadhaa akapita kwa jamaa zake wote akiimba, akiwaalika waje siku yake washuhudie. Nyuma yake hufuata kundi la vijana na dada zake wakiitikia. Nilikuwa kwenye lile kundi. Nilikumbuka vumbi, sauti ya chuma ikitutangulia barabarani, wajomba wakitoka nje wakimtukana binamu yangu kwamba atakimbia kisu, naye akizidi kugonga. Nilikumbuka pia jinsi walivyomtazama. Ulikuwa ndio ule mtazamo wa sura ya tisa. Nilifuta mikono, nikachukua daftari, nikaandika wimbo ule, na chini ya Aliyeuleta nikaandika Nekesa, ambalo ni jina langu, na chini ya Sababu: Kijana anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba yeye si mtoto tena.

Shida ilikuwa sauti. Yangu ilikuwa kama bati linaloburutwa kwenye simiti, na kila mtu alilijua hilo. Simiyu alikuwa na sauti. Akiimba kanisani wanawake waligeuka. Nilimfundisha nyuma ya nyumba, karibu na mfereji wa maji wa laini, kwa siku nne, naye akajitafutia vipande viwili vya chuma kwenye karakana ya magari ya polisi na kuiba bangili mbili za Mama. Aliupenda ule mlio. Alipoimba mbele ya kundi, hata wasioelewa neno walinyamaza. Mwalimu Gathoni aliniuliza ni wimbo wa nini, nikamwambia ni wa kualika watu. Nilisema kweli. Sikuona haja ya kuendelea, kwa sababu nilidhani wimbo ukishavuka kutoka Bungoma mpaka Nyeri unabaki wimbo tu, kama vile sare ya Baba ikiwa kwenye kamba ya nguo inavyokuwa shati na suruali.

Siku ya Wazazi Baba hakuwepo. Alikuwa amepelekwa Kerugoya kusindikiza mahabusu mahakamani. Mama alikuwa Kagio. Lakini Sajini Barasa alikuwepo, kwa sababu alipewa kazi ya ulinzi langoni. Sajini alikuwa mtu wa kwetu, mkubwa wa Baba kazini, na kwa hesabu za nyumbani alikuwa ametahiriwa mwaka mmoja na Baba, jambo ambalo kwetu huwafanya wanaume wawili kuwa zaidi ya ndugu. Sote watoto wa laini tulimwogopa. Alikuwa na kifua kipana na masharubu, na alikuwa na desturi ya kukuuliza swali akiwa amekuinamia mpaka unaona nafsi yako kwenye vifungo vyake.

Tulifika sura ya tisa. Zuhura alisoma kipande, akakaa. Simiyu akatoka mbele, bangili za Mama zikimfika karibu na viwiko, akagonga mara tatu na kuanza. Wazazi walitabasamu kama watu wanavyotabasamu kwa mtoto wa mtu mwingine. Kisha kutoka nyuma kabisa, langoni, sauti nene ya mwanamume ikaitikia. Sajini Barasa alikuwa ameacha lango. Alikuja kati ya viti akiwa ameinua fimbo yake juu, akipiga hatua kwa mdundo, na mke wake aliyekuwa amekaa upande wa akina mama akasimama akapiga vigelegele. Watu wakapiga makofi, wakidhani imepangwa. Mimi nilifunga daftari nililokuwa nimelishika. Simiyu hakuacha kuimba. Wimbo ulipoisha Sajini alimfikia, akamwinamia, akamuuliza kwa lugha yetu kama alichosema amekisema kwa moyo wake. Simiyu akatikisa kichwa kukubali. Alikubali kwa sababu Sajini ndiye aliyeuliza, na kwa Sajini tulikubali kila kitu.

Jioni hiyo Baba hakuwa amevua viatu wakati Sajini aliposimama mlangoni.

"Koplo, wewe ni mtu wa siri sana. Ati kijana anatualika, na wewe uko huko Kerugoya unachunga wezi."

"Anaalika nani?" Baba akauliza.

"Sisi wote. Hata hedimasta amealikwa, ni vile hajui." Akacheka, akakaa kitandani bila kuambiwa. "Mwaka ni huu, mwezi ndio huo unakuja. Mimi niko na likizo. Nitakuja mpaka kwenu, na mke wangu."

Nilimwona Baba akielewa polepole. Kwanza alitaka kucheka, kisha akamtazama Simiyu aliyekaa kwenye kona na sahani ya ugali mapajani, kisha uso wake ukabadilika. Sikuwahi kumwona Baba na uso ule. Miaka minne alikuwa ameishi kwenye mji wa watu, akipokea amri, akihofia kwamba watoto wake wanakua bila kwao, na sasa anaambiwa kwamba mwanawe, bila kusukumwa na mtu, amesimama mbele ya mamia ya wageni akaitisha kisu. "Simiyu," alisema, "ni kweli uliimba?" Simiyu akasema aliimba. Baba hakuuliza zaidi. Alichukulia ule unyamavu uliofuata kuwa ni wa kiume.

Mama aliporudi na makreti yake alikuta mambo yamekwisha. "Huyu mtoto bado anaogopa kuku," alisema.

"Kuku ni kitu ingine," Baba akamjibu. "Mimi nilikuwa na miaka kumi."

"Wewe ulikuwa na nyumba imejaa ndugu wakubwa. Huyu ana nani? Ana Nekesa."

Lakini kwetu kijana hasukumwi. Anaomba mwenyewe, na akishaomba mbele za watu, kurudi nyuma ni aibu itakayomfuata mpaka awe na wajukuu. Mama alilijua hilo kuliko mimi, kwa hiyo akaanza kupanga nyanya, na zile zilizopondeka alizirusha kwenye ndoo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kesho yake Baba alikwenda kwenye kibanda cha simu akapigia simu duka lililokuwa karibu na kwa babu. Aliporudi alituambia babu amekwisha kumchagua ng'ombe wa sherehe.

Sasa nikaanza kumchunguza mdogo wangu kama ninavyowachunguza watu hadi leo, kwa kuandika. Niliandika kwamba hali chakula cha jioni. Niliandika kwamba haimbi tena, hata kanisani alifungua mdomo tu. Siku ya nne niliamka mapema kwenda kuchota maji nikamkuta kwenye mfereji, kifua wazi, katika ile baridi ya Julai ambayo hutengeneza ukungu mdomoni. Alikuwa amefungulia maji yakamwagikia mgongoni, mikono ameishika juu ya kichwa, macho ameyatoa, akijizoeza kutopepesa, kama kijana wa kwetu anavyotakiwa kusimama mbele ya kisu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Hakuniona. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka mia moja na kumi ndipo kope zikashuka, na aliposhindwa alijipiga kofi shavuni akaanza upya. Nilifunga mfereji.

"Usiwaambie," alisema, meno yakigongana.

"Mimi ndiye niliuchagua. Nitamwambia Baba ni mimi."

"Ukisema nitaitwa mwoga mpaka nife. Sajini atasema nimekutuma. Wacha tu." Akafungulia maji tena. "Hesabu."

Nikahesabu. Nilisimama pale na ndoo yangu, nikamhesabia mdogo wangu, na kila nambari niliyotaja niliona ni mimi ninayemmwagia maji.

Siku mbili nzima nilitembea na swali moja. Nikinyamaza, mtoto wa miaka kumi na mmoja atakwenda kusimama mahali alipopelekwa na mwandiko wangu. Nikisema, nitamwokoa na kisu nimtie kwenye aibu, na aibu haina mwezi wake wa kwisha. Ilibidi nipate namna ya kusema ambayo haitamgusa yeye. Na tena nilikuwa msichana. Mambo hayo, msichana hamwambii baba yake. Mwishowe niliona kwamba sikuwa na haja ya kuyasema. Yalikuwa yameandikwa.

Jumapili baada ya kanisa Baba alikuwa na desturi ya kukaa nje kwenye kigoda na kung'arisha viatu vya wiki nzima. Nilikwenda nikasimama mbele yake nikampa daftari, limefunguliwa.

"Hii ni nini?"

"Ni daftari ya nyimbo, Baba."

"Naona. Kusoma najua."

Alilirudisha mpaka ukurasa wa kwanza. Alikuwa polisi, na polisi huanzia pale jambo lilipoanzia. Alisoma sura ya kwanza, wimbo wake, aliyeuleta, sababu. Alisoma ya pili. Kidole chake chenye rangi nyeusi ya viatu kilishuka safu kwa safu kikiacha alama. Kwenye sura ya nne alitabasamu kidogo. Alipofika ya tisa alikaa nayo muda mrefu.

"Aliyeuleta," akasoma. "Nekesa." Akaniinulia macho. "Na Simiyu?"

"Aliimba tu. Sauti yangu ni mbaya."

"Hiyo tunajua." Akarudi kwenye karatasi. "Hii kijana ya kitabu ndiyo inaenda nyumba kwa nyumba?"

"Ndiyo, Baba. Wimbo ulikuwa wake."

"Simiyu alikuambia anataka?"

"Hapana."

"Alikuambia hataki?"

Nilifikiria mfereji, na ile midomo ya kijivu. "Hakuniambia kitu," nilisema, na huo ndio uongo pekee niliousema siku hiyo.

Baba alifunga daftari. Alimaliza kiatu alichokuwa ameanza, akakilinganisha na mwenzake, akaviweka chini sambamba. "Kwa hivyo hajaomba," alisema, si kwangu hasa. "Ameombewa." Kisha akavaa shati, akachukua daftari langu chini ya kwapa kama faili la kesi, akavuka uwanja kwenda nyumba ya Sajini Barasa. Nyumba za laini zilikuwa na kuta nene lakini madirisha hayakuwa na vioo vyote. Halafu nikasikia kicheko cha Sajini, kikubwa, cha mtu anayejipiga paja. "Kwa hivyo nilialikwa na msichana. Mimi, Barasa, niliacha lango ya serikali nikacheza kwa mwaliko wa msichana." Mke wake naye akacheka. Sauti ya Baba sikuisikia.

Baba ndiye aliyelipa. Alirudi kwenye kibanda cha simu kumweleza babu, na alikaa ndani muda mrefu akiwa ameinama. Likizo yake ilikuwa imekwisha kuandikwa, akaipeleka mwenyewe ifutwe. Na kwa karibu mwaka mzima, kila Sajini alipompita langoni, mbele ya askari wadogo, alimuuliza kwa sauti: "Koplo, sura ya kumi inaimbwa lini?" Baba alipiga saluti akaendelea na safari yake. Hakuwahi kunigombeza. Sikuwahi kumsikia akimtajia Simiyu jambo hilo. Siku alipoambiwa kwamba Agosti hatutasafiri, Simiyu aliitikia kwa kichwa tu. Lakini aliponikuta peke yangu nikianika nguo, alisimama upande wa pili wa kamba, shuka ikiwa kati yetu, akasema, "Nilikuwa nimeshajua kusimama." Hakunisemesha tena mpaka shule zilipofunguliwa.

Muhula wa tatu tulimaliza Kile cha Kijani bila yeye. Nilimweleza Mwalimu Gathoni yote, nikamuuliza kama nifute ule mstari. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la sweta. Alisema sababu niliyoandika ilikuwa sahihi kuliko zote zilizo kwenye daftari, na kwamba hiyo ndiyo shida yenyewe. Kuna nyimbo, alisema, unaweza kuziazima, na kuna nyingine ambazo mwenyewe akiamka akute hazipo atakutafuta. Tuliuacha mstari, pamoja na alama ya rangi ya viatu.

Baada ya miaka miwili, Simiyu akiwa na kumi na mitatu, aliingia ndani mwezi wa Aprili, Baba na Mama wote wakiwepo, akamwomba Baba kwa maneno yake. Maneno matatu, manne. Agosti tulisafiri. Alivaa bangili zilizomtosha na kupewa kengele zenyewe, akazunguka kwa jamaa siku tatu, nami nikawa nyuma yake na binamu zangu, nikiitikia kwa sauti yangu ya bati. Sajini Barasa alikuwepo pia, amekuja mwenyewe kutoka Nyeri. Siku yenyewe wanawake hatukukaribia. Tuliambiwa tu kwamba alisimama, na kwamba hakupepesa.

Sasa Baba amestaafu na yuko Bungoma. Mimi kazi yangu ni kukaa mikutanoni na kuandika walichosema watu. Simiyu ni ofisa wa kilimo Kerugoya, amemwoa mwalimu wa huko, na mwanawe Wafula ana miaka kumi na miwili. Wafula huota kwa Kikuyu. Lugha ya babu yake anaisikia kwenye simu, na shuleni rafiki zake wanazungumzia Desemba, wakati wavulana wa huko hupelekwa hospitalini kutahiriwa kwa utaratibu, na wiki mbili baadaye wanatembea barabarani wakiwa wamevaa kofia mpya. Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea nikamkuta mezani na simu ya mama yake. Mwalimu wao amewapa kazi. Wamesoma riwaya ya kijana anayekua, na kila mwanafunzi achague wimbo mmoja kwa kila sura, aandike na sababu. Nilicheka peke yangu, nikaomba nione.

Orodha yake ilikuwa nzuri. Ingetuchukua muhula mzima kupata alichokipata jioni moja. Anabonyeza, wimbo unakuja kutoka Lagos, kutoka Kingston, kutoka mtaa wa jirani, anasikiliza nusu dakika, akiukataa unaondoka bila kinyongo. Nyimbo zake hazimdai kitu. Hakuna mtu atakayeacha lango kuja kumuuliza kama amesema kwa moyo wake. Nilimwonea wivu, na wakati huohuo nilihisi kama mtu anayemtazama mtoto akicheza na sahani za plastiki, akijua hakuna kitakachovunjika.

Wafula alipokwenda kunawa mikono nilimuuliza Simiyu jambo ambalo sikuwahi kumuuliza kwa miaka yote hiyo, kama alitaka nimwambie Baba au nisimwambie. Alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya.

"Kila asubuhi pale kwa mfereji nilikuwa naomba Mungu mtu aseme," alijibu. "Ulivyosema, nikakuchukia. Yote ni kweli. Usiandike moja tu."

Wafula alirudi, akakaa, akasogeza simu kwangu. Kulikuwa na sura moja tupu, ile ya kijana kuondoka kwao. "Anti, hii ndio imenishinda. Kila kitu nikiweka inakaa uongo. Wewe ungeweka gani?"

Nilikuwa nao, mdomoni kabisa. Nilimtazama Simiyu. Aliweka kisu mezani, akapangusa mikono kwenye suruali, akamtazama mwanawe kwa utulivu ambao niliwahi kuuona kwa mtu mmoja tu, kwenye kigoda, kati ya jozi za viatu.

"Uko mmoja," alimwambia. "Lakini huo ukiutaka, utakuja uniombe wewe mwenyewe. Si leo, na si ya shule."

Wafula alisubiri, akidhani baba yake atacheka. Alipoona hacheki, aliniangalia mimi, kisha akarudi kwenye simu, akapandisha orodha, akaishusha, akaiacha ile nafasi ilivyo. Aliituma hivyo kwa mwalimu wake, ikiwa na mstari mmoja mtupu. Kwenye daftari la kwetu, mstari ule niliujaza mimi.